Kikao Kisicho na Barua ya Wito

Miezi ya mwisho ya kila mwaka shule za msingi nchini Tanzania huandikisha watoto wa awali na wa darasa la kwanza. Mzazi hufika na cheti cha kuzaliwa, jina la mtoto huingia kwenye rejista, na kwa walio wengi kazi huishia hapo. Mtoto asiyesikia, asiyetembea, mwenye kifafa au aliyechelewa kusema hufikishwa kwenye meza hiyohiyo, ila mazungumzo yake huchukua mkondo mwingine. Mwalimu mkuu huuliza maswali mawili matatu, humtazama mtoto, kisha hutoa kauli: aanze, tutamwangalia. Au apelekwe shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Au akae nyumbani mwaka mmoja, akomae.

Kauli hiyo ndiyo mpango wa elimu wa mtoto yule. Haina kichwa cha habari wala muhtasari, na hakuna aliyeitisha kikao. Mzazi ataondoka akidhani alikwenda kuandikisha tu, na mwalimu naye atadhani alitoa ushauri tu. Huko Chunya, wilaya ya dhahabu na tumbaku kaskazini mwa Jiji la Mbeya, ushauri wa namna hiyo unaweza kumweka mtoto darasani au kumweka chini ya mwembe nyumbani kwa bibi yake hadi ndevu zimwote.

Kwingineko kikao hiki kina jina, tarehe na sheria. Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria inayoilazimu shule ya umma kuandaa mpango wa maandishi kwa kila mwanafunzi mwenye ulemavu anayehitaji elimu maalumu, kuupitia upya angalau mara moja kwa mwaka, na kumweka mzazi ndani ya timu inayouandika. Sheria hiyo ilibadilishwa jina mwaka 1990, lakini nguzo zake zimebaki zilezile. Mzazi hutumiwa taarifa mapema, na asiyejua Kiingereza hutafutiwa mkalimani kwa gharama za shule, jambo ambalo familia za wakimbizi wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili katika miji ya Marekani huwa na haki ya kulidai. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2014, imeweka wiki 20 tangu ombi hadi mpango kukamilika. Huko mtu anayemsaidia mzazi kujiandaa humfundisha kusoma makaratasi: hapa pana malengo, hapa pana saa za mtaalamu, hapa usitie sahihi kabla hujaelewa.

Ushauri wa aina hiyo ukiletwa Chunya kama ulivyo utaanguka, kwa kuwa karatasi zenyewe hazipo. Anayetaka kuzisaidia familia za huku inambidi aanze hatua moja nyuma, yaani kumwonyesha mzazi kwamba yumo ndani ya kikao, kisha kumsaidia akifanye kiwe kikao kweli.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inawapa watu wenye ulemavu wa umri wote haki sawa ya kupata elimu na mafunzo katika mazingira jumuishi. Inataka kila mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu, na apate huduma saidizi kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Mwaka mmoja kabla, 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Mtoto Namba 21, inayompa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na ukaanza pia mkakati wa kwanza wa taifa wa elimu jumuishi, uliofuatiwa na wa mwaka 2018 na wa tatu wa 2021/22 hadi 2025/26.

Tatizo ni kwamba kifungu cha 27 hakimtajii mwalimu mkuu lini amwite mzazi, waongee nini na nani aandike. Haki imetajwa, utaratibu umeachiwa watu. Mzazi anayezijua sentensi mbili tu za kifungu hicho, kwamba shule ya kawaida ndiyo kanuni na kwamba msaada ni sehemu ya haki yenyewe, huingia ofisini akiwa na nguvu tofauti na yule anayekwenda kuomba hisani. Hahitaji kutamka namba ya kifungu. Pengine ni afadhali asiitamke siku ya kwanza, maana walimu, kama binadamu wengine, hukunja uso wanaposomewa sheria mlangoni.

Jiografia ya wilaya nayo ina sauti katika kikao hiki. Barabara ya lami kutoka Mbeya hupanda milima kupitia Kawetire, huteremka hadi Lwanjilo na kufika Chunya mjini baada ya kilomita 72. Kutoka hapo hadi Makongolosi, mji wa wachimbaji, ni kilomita 39 nyingine. Anayeishi mbele zaidi, upande wa Lupa Tingatinga au Kambikatoto, huhesabu safari yake kwa siku na kwa hali ya mvua. Vipimo vinavyotajwa kirahisi katika miongozo, kama kupima usikivu, macho na ukuaji wa akili, kwa familia hizo vina maana ya safari hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya: nauli ya watu wawili, chakula, na mahali pa kulala iwapo daktari atasema rudini kesho.

Halafu kuna kuhama. Dhahabu ya Lupa, humu wilayani, imekuwa ikivuta watu tangu miaka ya 1920 na 1930, na wachimbaji wadogo wa leo bado huifuata inakoonekana. Habari za mwamba mpya zikienea, kambi nzima huhama ndani ya majuma machache. Tumbaku nayo ina msimu wake na vibarua wake, na wafugaji wa Kisukuma wameingia na mifugo yao wakitafuta malisho. Mtoto wa mazingira haya anaweza kuwa amepita shule tatu kabla hajafika darasa la tatu. Kwa mtoto yeyote huo ni usumbufu. Kwa mtoto mwenye ulemavu ni zaidi, kwa sababu kila shule mpya huanza kumjua upya, na mwalimu aliyekwisha gundua kwamba anaelewa zaidi akionyeshwa picha amebaki kilomita 60 nyuma.

Kuna jambo jingine la Chunya ambalo halipendezi kutajwa: zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma ili ipeperuke, mara nyingine uani au jikoni. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu ajira ya watoto na zebaki katika machimbo madogo nchini ilitazama Geita, Shinyanga na Mbeya, Chunya ikiwemo. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu, na wanaoathirika zaidi ni watoto wachanga na mimba changa. Haina maana kwamba mtoto wa mchimbaji akichelewa kusema basi ni zebaki. Zipo malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, manjano ya uchanga, uzazi uliochukua muda mrefu mno. Maana yake ni kwamba mzazi aliyekuwa akichoma dhahabu nyumbani, au aliyekaa karibu na wanaochoma, amwambie daktari bila kuulizwa. Daktari wa Mbeya mjini hawezi kubahatisha kwamba jiko la mama huyu lilikuwa pia karakana ya baba.

Basi mzazi ajiandae vipi? Jibu la haraka la maofisa wengi ni kwamba akampime kwanza. Ni jibu lenye mantiki na lenye madhara. Vipimo ni muhimu, lakini vikifanywa sharti la kuanza shule, mtoto atakaa nyumbani mpaka nauli ipatikane. Kule Kenya, ambako vituo vya upimaji na rasilimali za elimu vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark na kusambaa nchini, mtaalamu naye humhitaji mzazi amweleze mtoto wake. Palipo na wataalamu wachache, ujuzi wa mzazi ndio kipimo cha kwanza, na kwa miezi mingi huweza kuwa kipimo pekee.

Shida ni kwamba ujuzi huo haujapangwa. Ukimuuliza mama wa Makongolosi mtoto wake ana nini, atakuambia hakulia alipozaliwa, au alipata degedege akiwa na miezi minane, au ana mtindio, au, akishusha sauti, kwamba kuna mtu wa ukoo alitamka neno baya. Yote hayo ni majibu ya swali la kwa nini. Mwalimu hawezi kuyafanyia kazi. Anachohitaji ni jinsi mtoto anavyoishi kuanzia asubuhi hadi usiku: anakulaje, anaombaje maji, anaelewa maagizo mangapi kwa mara moja, anakwenda chooni mwenyewe au kwa kukumbushwa, kelele zinamfanyaje, nani humtuliza na kwa njia gani, anapenda nini kiasi cha kusahau kulia. Mama anayajua yote haya. Hajawahi kuombwa ayaseme, basi.

Hapo ndipo kauntabuku ya bei rahisi inapoweza kufanya kazi kuliko semina. Wiki mbili au tatu kabla ya kwenda shuleni, mtu mmoja nyumbani aandike kila jioni sentensi chache juu ya siku ya mtoto. Asiyejua kuandika amwambie kaka au dada wa mtoto aandike. Mara nyingi ndugu hao huona mambo ambayo watu wazima hawayaoni, kwa kuwa ndio wanaocheza naye. Kama kuna kifafa, iandikwe tarehe, saa na muda wa kila tukio. Maandishi hayo yana thamani kwa mwalimu na kwa daktari pia, kwani daktari hatakuwepo mtoto akianguka. Ndani ya daftari ziwekwe nakala za kadi ya kliniki, karatasi za hospitali hata zile zilizochakaa, na cheti cha kuzaliwa. Kuhusu cheti, familia za Mbeya zina bahati kidogo: mpango wa kusajili bure watoto wa chini ya miaka mitano kupitia vituo vya afya na ofisi za kata ulianza kusambazwa kitaifa katika mkoa huo mwaka 2013.

Kuna jaribu la kuficha. Mzazi anayehofia mtoto kukataliwa husema ni mzima, ana aibu tu; mzazi aliyechoka husema huyu hawezi kitu, mchukueni. Wote wawili humharibia mtoto. Wa kwanza humnyima mwalimu nafasi ya kujiandaa, na siku mtoto atakapoanguka kifafa darasani wenzake arobaini au themanini watakimbia na mwalimu atajiona amedanganywa. Wa pili hufunga mlango kabla haujagongwa. Njia nzuri ni kumweleza mtoto kwa vitendo: anahesabu mbuzi wote wa zizini bila kukosea, ila ukimpa kalamu anaitupa. Sentensi kama hiyo humpa mwalimu pa kuanzia na pa kuchukulia tahadhari kwa pamoja.

Swali la nani aende lina uzito kuliko linavyofikiriwa. Akina baba wengi wa Chunya wako maduarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, au mashambani, na mama huenda peke yake. Mtu mmoja mbele ya meza ya ofisi husikia nusu ya yanayosemwa na kukumbuka robo. Ni heri aende na mwenzake: shangazi, jirani aliyesoma, mjumbe wa kamati ya shule. Kazi ya mwenzake ni moja tu, kusikiliza na kuandika. Bibi anayelea mjukuu na anayezungumza Kisukuma au Kikimbu vizuri kuliko Kiswahili asiachwe nyumbani kwa kuwa eti hataelewa. Ndiye anayemjua mtoto, na mkalimani hapatikani mbali, yupo mjukuu mwingine. Na mtoto mwenyewe aende. Kumjadili mtu aliye nje ya mlango ni tabia mbaya hata kama ana miaka saba, mbali ya kwamba Sheria ya Mtoto inataka asikilizwe.

Upande wa pili wa meza nao una mzigo. Shule ya msingi ya serikali hupewa ruzuku iliyowekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya hizo ni kwa ajili ya vitabu. Tangu elimumsingi ifanywe kuwa bila ada mwaka 2016, madarasa yamejaa. Walimu wenye mafunzo ya elimu maalumu, wakiwemo wale wa Chuo cha Ualimu Patandi kilichoko Arusha, hawatoshi, na anayepangiwa kijiji cha mbali huomba uhamisho mapema. Mwalimu mkuu anayesema hatuna mtaalamu mara nyingi anasema kweli. Kosa ni kuifanya kweli hiyo iwe mwisho wa mazungumzo.

Kwa sababu hiyo maombi ya mzazi yawe madogo na yaweze kukaguliwa. Akiomba mtoto wake afundishwe kwa upendo, ataambiwa ndiyo na hakuna kitakachobadilika. Akiomba mtoto mwenye uoni hafifu akae dawati la mbele upande usio na mwanga wa dirisha machoni, ataweza kwenda siku yoyote kuangalia. Akiomba mtoto mwenye ualbino avae kofia na mikono mirefu hata kama si sare, asisimamishwe juani mstarini, na asirudi nyumbani peke yake, kila moja ya hayo lina jibu la ndiyo au hapana. Akiomba kujua ni nani atakayempeleka chooni mtoto wa kitimwendo, atalazimisha jina litajwe. Choo, kwa kweli, ndicho kinachowatoa wengi shuleni kuliko hesabu au kusoma, na ndicho ambacho wazazi huona haya kukitaja mbele ya mwalimu.

Mitihani ni mfano mwingine wa jambo lisilogharimu kitu ila kujua. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: karatasi za nukta nundu kwa wasioona, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa nyongeza, ambao umewekwa kuwa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hayo hupatikana kwa mtoto ambaye shule imeonyesha hitaji lake wakati wa kusajili. Mzazi aulize mapema, mwaka mmoja kabla, na si wiki ya mtihani. Mtoto asiyeona vizuri aliyefanyishwa karatasi ya maandishi madogo atahesabiwa kuwa amefeli, na hakuna atakayejua kwamba alichofeli ni kusoma wino.

Uamuzi mgumu kuliko yote unaofikiwa mezani pale ni wa bweni. Shule zenye vitengo na shule maalumu zilizo na mabweni ziko mbali, wakati mwingine katika mkoa mwingine, na pendekezo la kumpeleka mtoto wa miaka saba huko hutolewa kwa nia njema. Hapa hakuna jibu moja. Kwa mtoto kiziwi, hoja ya kwenda ina nguvu: viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, nyumbani hakuna mtu wa kuzungumza naye kwa Lugha ya Alama, na kila mwaka bila lugha ni hasara ambayo hairudi. Ndiyo maana sheria ya 2010 iliacha mlango kwa mawasiliano maalumu, na ndiyo maana watoto wa Nyanda za Juu Kusini hupelekwa hadi Njombe kwenye shule ya viziwi. Ila familia inayomtoa mtoto iulize yenyewe itajifunza wapi alama, la sivyo likizoni atarudi mgeni kwao.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili hoja hugeuka. Anachokihitaji zaidi ni kuzoea watu, njia, soko na kazi za mahali atakapoishi, na bweni humwondoa huko. Mara nyingi pendekezo la kumpeleka mbali huwapunguzia shida watu wazima kuliko linavyomwongezea mtoto maarifa. Mzazi ana haki ya kuuliza, kwa heshima: akibaki hapa, tufanye nini ili abaki? Na kwa watoto wenye ualbino, ambao familia zao zimeishi na hofu ya mauaji ya kishirikina tangu miaka ya 2000, bweni lilichaguliwa kama kinga. Kinga hiyo imeokoa wengi, na imewatenganisha wengi na mama zao kwa miaka. Kikao kiseme wazi kwamba sababu ni usalama, ili hali ikibadilika mtoto arudi.

Wazazi huulizana pia, kwa sauti ya chini, kama kuna faida: akisoma atafanya nini? Iringa mjini kuna jibu moja linaloonekana kwa macho. Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imefundisha na kuajiri watu wenye ulemavu katika karakana, na katika mgahawa wake wahudumu viziwi huchukua oda za wateja. Karakana moja haitoshi mkoa mmoja, sembuse kanda nzima, lakini mzazi aliyewahi kuketi pale na kuagiza chai kwa ishara huacha kuuliza swali lile kwa namna ileile.

Turudi kwenye kuhama. Mwanafunzi wa Tanzania sasa ana namba katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na uhamisho wake hupitia humo. Namba humfuata hadi shule mpya. Ujuzi wa mwalimu wa zamani haufuati. Familia inayojua itahama ina kazi moja kabla ya kufunga mizigo: kumwomba mwalimu wa darasa aandike ukurasa mmoja katika kauntabuku ile ile, aseme alichokijaribu, kilichofaulu na kilichoshindikana. Walimu wengi hukubali wakiombwa, ni vile tu hawaombwi. Katika wilaya ambako kijiji kinaweza kuhama kwa sababu ya habari ya dhahabu, daftari la mama ndilo faili pekee linalopanda lori pamoja na mtoto.

Mzazi mmoja akiandaliwa vizuri huweza kubadilisha mambo ya mtoto mmoja. Kwa choo, kwa mwalimu, kwa njia ya kitimwendo, inahitajika sauti ya wengi. Zanzibar ina funzo hapa. Jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ijulikanayo kama ZAPDD, iliundwa mwaka 1999 wazazi wakiwa mstari wa mbele, na elimu jumuishi ilipoanza kufanyiwa majaribio visiwani katikati ya miaka ya 2000, jumuiya hiyo ilikuwa mshirika wa wizara. Wazazi waliokwisha zoeana, waliokwisha lia pamoja na kucheka pamoja, hawakuingia shuleni wakiwa wageni. Mbeya nayo ina shirika la Child Support Tanzania linaloendesha elimu jumuishi jijini. Lakini Chunya haihitaji kusubiri shirika lipande mlima. Sheria ya 2010 inataka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa. Shule ina kamati yake, na serikali imekuwa ikihimiza Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWW. Viti vipo, wazazi wa watoto wenye ulemavu ndio hawavikalii, ama kwa aibu au kwa kuwa hakuna wa kubaki na mtoto.

Na fedha zipo kuliko katika wilaya nyingi. Chunya ina soko lake la madini tangu 2019, ina vyama vya ushirika vya tumbaku chini ya chama kikuu chao, CHUTCU, na halmashauri yake hukusanya ushuru ambao wilaya nyingi za milimani huuota tu. Njia mteremko kwenye mlango wa darasa ni saruji, mchanga na siku mbili za fundi. Ikikosekana katika wilaya yenye dhahabu, haikosekani kwa ufukara. Imekosa mtu wa kuiingiza kwenye bajeti, na mtu huyo hupatikana kwenye mkutano wa kijiji ambako vipaumbele hupendekezwa, miezi mingi kabla ya madiwani kupitisha makadirio.

Mambo yakikwama shuleni, ngazi inajulikana: mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata, kisha afisa elimu maalumu wa halmashauri pale Chunya mjini, na Afisa Ustawi wa Jamii kama mtoto amekataliwa au anafungiwa ndani. Mzazi aende na tarehe. Nilikuja Jumanne ya pili ya Januari, nikaambiwa hivi, na mwalimu fulani alikuwepo: maneno ya namna hiyo hupata majibu ambayo malalamiko ya jumla hayapati. Aende pia akiwa na ombi, maana ofisi iliyopewa lawama tupu hutoa pole tupu.

Kinachobaki ni siku ya kikao yenyewe, na humo kuna dakika chache za mwisho ambazo karibu kila familia huzipoteza. Mazungumzo yanapoisha mwalimu husimama, mzazi hushukuru, wanapeana mikono. Kabla ya kusimama, yule aliyekuja kuandika asome kwa sauti alichoandika: mtoto ataanza lini, atakaa wapi, nani atamsaidia chooni, dawa za kifafa zitakaa kwa nani, mzazi atafanya nini nyumbani, mwalimu atafanya nini darasani. Mwalimu akirekebisha, irekebishwe hapohapo. Waweke majina yao chini, na tarehe. Kisha waulizane watakutana lini tena. Likizo ya Juni huwa muda mzuri, kwani mtoto ameshakaa darasani miezi mitano na kila upande una la kusema. Tarehe hiyo iandikwe juu ya jalada la kauntabuku, kwa kalamu nzito, ili hata baba akirudi kutoka maduarani aione na aweze kupanga kuwepo.